Maisha ya Mama Kabati, Mwandishi Aliyebaki na Neno Moja

Ndugu, jamaa, majirani, walimu wenzake na wanafunzi wake wa zamani mliofika kutoka mbali na karibu, familia imeniomba mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, na ingawa shemeji ndiye anayeyajua kuliko sisi sote, amesema sauti haitamfikisha mwisho wa ukurasa wa kwanza, kwa hiyo mnivumilie, maana mimi nimefanya kazi ya ghalani maisha yangu yote na sijazoea kusimama mbele ya watu wengi namna hii.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne wa baba yetu, mchora vibao vya maduka, na mama yetu, mshona mapazia, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba, na sote tulilelewa ndani ya harufu ya rangi ya mafuta na tapentaini, hata shuleni wenzetu walituita watoto wa rangi mbichi. Kazi ya baba ilikuwa kuchora kitu kimoja juu ya kila mlango, jino kwa daktari wa meno, kiatu kwa fundi viatu, mkasi kwa kinyozi, ili hata asiyejua kusoma asipotee. Dada alipokuwa na umri wa miaka tisa, baba akiwa amelala na mgongo unaomuuma, alimwachia amalizie kibao cha kinyozi wa mtaa wa pili, naye badala ya mkasi akachora kiti kitupu, kimegeuzwa upande kidogo, kana kwamba aliyekikalia ameinuka sasa hivi tu. Kinyozi alikuja kukichukua, akakitazama, akakisogeza kwenye mwanga, akasema, "Kizuri sana hiki, lakini watu watadhani nimefariki." Baba alicheka mpaka mgongo ukamkumbusha kwamba ni mgonjwa, kisha akamwita dada kitandani, akamwambia, "Mwanangu, kazi ya kibao ni kumwambia mtu aingie wapi. Hiki chako kinamsimamisha mlangoni aanze kufikiri, na mtu anayefikiri hanyolewi." Kiti kilifutwa, mkasi ukachorwa, na mama alikuwa akitusimulia kwamba dada alisusa chakula jioni ile, na hakuwa mtoto wa kususa.

Alianza shule ya msingi Januari 1958, akaingia sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1966, akasomea ualimu kuanzia 1970 hadi 1971, na baada ya kufundisha kwa muda akapata nafasi chuo kikuu mwaka 1975, akahitimu mwaka 1978 katika fasihi. Huko ndiko alikokutana na riwaya za usasa, zile ambazo hadithi haianzi mwanzo wala haiishii mwisho, msimulizi hakuambii akili yako iende wapi, na kitu kidogo cha ndani ya nyumba, dirisha, kikombe, koti lililotundikwa, kinabeba uzito ambao katika hadithi za zamani ulibebwa na hotuba nzima ya mzee mwenye hekima. Alirudi likizo macho yanawaka, akawa haongei kitu kingine, na mama akamuuliza, "Hivi huko mnasoma nini hasa?" akajibu, "Tunasoma jinsi kitu kinavyosema bila mdomo," mama akamwambia, "Basi nenda jikoni, yale masufuria yanakuita tangu asubuhi, wewe tu husikii."

Kuanzia mwaka 1979 hadi alipostaafu mwaka 2011 alifundisha fasihi katika chuo cha ualimu, katika chumba cha ghorofa ya juu chenye dirisha lisilofungika sawasawa, na wengi wenu mliokaa humo mnakumbuka kwamba somo la taashira hakulianza kwa maelezo, aliingia na kitu mkononi, kiatu kimoja, mwavuli uliovunjika, soketi ya balbu isiyo na balbu, akakiweka mezani na kuwataka muandike ukurasa mmoja ambao kitu hicho kitafanya kazi yote, ninyi mkiwa mmekatazwa kutaja huzuni, upendo, hofu wala jina la hisia yoyote. Mfano wake mkubwa, ambao hata sisi nyumbani tuliukariri, ulikuwa wa mjane, kwamba msimulizi wa zamani atakwambia mjane ana huzuni, atamwongezea machozi, kisha atakuomba umhurumie, lakini mwandishi wa usasa atamwonyesha mjane akitoa sahani mbili, akirudisha moja rafuni, halafu ataendelea na habari ya mvua, na kwa kuwa huzuni haikutajwa huna mahali pa kuikwepa. Alisema pia kwamba taashira si fumbo la mtihani, fumbo lina jibu na ukishalipata unaliacha, taashira ukiipa jibu moja inageuka kuwa kibao cha dukani, na hapo alikuwa anamtania marehemu baba, ambaye alizoea kumjibu kwamba vibao ndivyo vilivyomsomesha.

Alifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1981 na shemeji yetu, mpima ardhi, aliyekutana naye mwaka mmoja kabla alipokuja kupima kiwanja cha chuo, akamkuta dada ameketi na vitabu vyake kwenye nyasi pale pale alipotaka kusimamisha chombo chake cha miguu mitatu, akasubiri kwa heshima, akakohoa, kisha akasema, "Samahani mwalimu, umekalia mpaka." Dada alituambia kwamba hajawahi kutongozwa vizuri namna ile, na shemeji mpaka leo anaapa kwamba hakuwa anatongoza, alikuwa kazini. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti yao aliyezaliwa tarehe 5 Mei 1983, ambaye ni mwoka mikate, na kijana wao aliyezaliwa tarehe 30 Septemba 1986, ambaye ni dereva wa malori ya safari ndefu.

Riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1980, ilisomwa na kusahaulika kwa amani, kama alivyosema mwenyewe, lakini ya pili, iliyotoka Novemba 1984, ndiyo iliyompa jina ambalo wengi wenu mnalijua kuliko alilopewa na wazazi. Ni habari ya familia inayohama nyumba moja hadi nyingine ikibeba kabati kubwa lisilo na ufunguo, kila nyumba ni ndogo kuliko iliyopita, kabati ni lile lile, wanauza meza, wanauza kitanda, wanalala kwa zamu kando ya kabati, na hakuna anayelifungua wala anayependekeza liachwe. Ndani kuna nini, kitabu hakisemi. Mhakiki mmoja aliandika kwamba ni urithi wa wakoloni, mwingine kwamba ni serikali, kiongozi mmoja wa dini alihubiri kwamba ni dhambi isiyoungamwa, na mama yetu mdogo, Mungu amrehemu, alishikilia kwamba kabati lile ni lake, la chumbani kwake, kwamba amesengenywa kitabuni, akamnunia dada mwaka mzima. Harusini, hospitalini, kwenye foleni ya benki, watu walimshika mkono wakamuuliza ndani kuna nini, naye aliwajibu, "Wewe ulidhani kuna nini?" na walipomjibu aliwasikiliza kwa makini kweli, kwa sababu, alisema, mtu akikwambia anachokiona ndani ya kabati lililofungwa amekuonyesha kitu chake cha thamani.

Shemeji alisoma kitabu kile zaidi ya mara moja, na nilikuwepo mezani kwao siku alipomwambia, "Mke wangu, kila ramani niliyochora ina ufunguo pembeni, duara hili ni kisima, mstari huu ni barabara. Wewe ungeweka hata mistari miwili tu mwishoni, watu wakalala usingizi." Dada akamjibu, "Ramani yako inamsaidia mtu atoke. Mimi nataka akae kidogo." Shemeji akasema haya, na akaongeza mchuzi.

Baada ya kustaafu alianza riwaya ya tatu, na alikuwa na desturi ya kutoandika hata sentensi moja mpaka kitabu kizima kimeshakamilika kichwani, akitembea nacho sokoni na bustanini kwa miaka, na mwezi Septemba 2018 alimwambia shemeji na binti yake kwamba sasa kimekaa, kiko chote, kilichobaki ni kukaa chini na kukiandika. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo, asubuhi, akiwa anaanika nguo uani, alipata kiharusi. Jirani yetu, fundi wa baiskeli, alimwona akiwa ameshika kamba ya nguo kwa mkono mmoja, akaruka ukuta, na ni yeye na shemeji waliompeleka hospitali.

Madaktari waliokoa maisha yake, na tunalisema hili kwa shukrani, lakini upande wa kulia ulipooza na usemi ukaondoka, na alipofumbua mdomo kwa mara ya kwanza, sote tukiwa tumezunguka kitanda, akatutazama mmoja mmoja kwa macho yale yale ya darasani, alisema, "Ndoo." Binti yake alikimbia akaleta ndoo akidhani anataka kutapika. Dada aliitazama ndoo, akamtazama mwanawe, akasema tena, "Ndoo," na machozi yakamtoka.

Kuanzia siku ile mpaka siku ya mwisho hakuwa na neno jingine. Chai ilikuwa ndoo, maumivu yalikuwa ndoo, shemeji alikuwa ndoo, na alipotaka kusimulia jambo refu alilisimulia lote kwa neno hilo moja, kwa vituo na mkato na kupanda na kushuka kama sentensi za mtu aliyesoma, kisha akanyamaza akisubiri tujibu. Kuandika kulishindikana, mkono wa kushoto ulichora mistari isiyo herufi, na hata kukubali na kukataa kulichanganyika, akitikisa kichwa kukataa huku anapokea kikombe. Mtaalamu wa tiba ya usemi, mama mmoja mpole aliyekuja nyumbani kila wiki, alitukalisha sebuleni akatueleza, "Anajua anachotaka kusema. Anakwenda kuchukua neno lake, mkono unarudi na hilo hilo moja. Imetokea ni ndoo, ingeweza kuwa sabuni, ingeweza kuwa Jumanne. Msilichimbe." Binti yake akamuuliza, "Mbona alipoona picha ya babu alilisema taratibu vile?" Yule mama akafikiri, akasema, "Sauti ni yake. Neno si lake."

Tulimwelewa, lakini hatukumtii, kwa sababu tulikuwa ndugu wa mwanamke aliyetumia maisha yake kufundisha kwamba kitu kidogo cha nyumbani kinaweza kubeba kila kitu, na tungewezaje kusikia neno lile mara zote hizo tukaamini kwamba halina kitu ndani. Tukawa wahakiki, sisi tusiojua uhakiki. Tulimletea ndoo za chuma na za plastiki, ndoo ya mama ya kufulia tuliyoikuta darini, ndoo ndogo za rangi kama zile za karakana ya baba, nikidhani mimi kwamba ni hizo, na nilimwonyesha moja nikiwa nimejaa matumaini, akaipapasa kwa mkono wa kushoto, akanipapasa na mimi shavuni vile vile, na sikujua kama nimepata au ananihurumia. Kijana wake alikuwa akipiga simu kutoka njiani, shemeji anaweka simu sikioni mwake, na kijana anasikiliza ndoo, ndoo, ndoo, kisha anasema, "Sawa mama, nimeelewa mama," na aliniambia baadaye kwamba huwa anaegesha lori kwanza, kwa sababu baada ya kukata simu hawezi kuendesha.

Na kitabu kile kilikuwa ndani. Kilikuwa kimekamilika, alikuwa amesema kiko chote, na tulimwona asubuhi nyingi akiwa ameketi dirishani, macho yanakwenda, midomo inacheza, nasi hatukuwa na mlango wa kuingilia.

Mwezi Novemba 2021 chuo kilifanya kongamano la kumheshimu, tukampeleka kwa kiti cha magurudumu, amevaa gauni lake la bluu, akawekwa mstari wa mbele. Mwanafunzi wake aliyempenda kuliko wote, ambaye tangu ujana tunamwita Profesa kwa sababu ya miwani yake na ambaye sasa ni mhadhiri, alisoma makala juu ya ile ndoo. Alisema kwa upendo mkubwa, hilo hakuna anayelipinga, kwamba Mwalimu amefika mahali ambapo riwaya ya usasa ilikuwa inaelekea siku zote, kwenye taashira iliyovuliwa maana zote ili iweze kupokea yoyote, na kwamba riwaya ya tatu haikupotea, tunaisikia kila anapofungua mdomo. Dada akaanza kusema. "Ndoo." Watu wakageuka. "Ndoo, ndoo, ndoo," sauti inapanda, mkono wa kushoto unapiga mkono wa kiti, na ukumbi mzima ukadhani anathibitisha, wakasimama, wakapiga makofi, baadhi wanalia. Shemeji alipiga magoti mbele yake akawa anawaambia walio karibu, "Anakataa, jamani, anakataa," lakini makofi yalikuwa makubwa, akaamua kugeuza kiti na kumtoa nje, na huko nje, chini ya ngazi, alimfuta uso akamuuliza, "Ulikuwa unakataa, si ndiyo?" Akamjibu kwa neno lake. Kwa hiyo hata hilo, ndugu zangu, hatulijui, huenda shemeji ndiye aliyekosea na ukumbi ndio uliopatia.

Profesa alikuja nyumbani wiki iliyofuata, akaketi kwenye mkeka karibu na miguu yake, akasema, "Mwalimu, nisamehe, nimekugeuza kuwa kitabu." Dada aliweka mkono juu ya kichwa chake, akasema maneno marefu kidogo, yote ndoo, kwa sauti ya chini. Alipokuwa anaondoka alinishika langoni akaniuliza, "Mjomba, amenisamehe?" Nikamwambia sijui, mwanangu. Yupo hapa leo, alikuja kwetu mara nyingi baada ya hapo, alimsomea magazeti, hakuandika tena neno juu ya jambo lile, na familia haina kinyongo naye hata chembe.

Mwaka 2022 afya yake ilishuka, kumeza kukawa shida, akalazwa mara kwa mara, na mwishoni mwa Mei mwaka 2023 alipata kiharusi cha pili, akapelekwa hospitali ile ile, wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na dirisha linalotazama chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Asubuhi ya tarehe 9 Juni mvua ilikuwa inanyesha, shemeji alikuwa naye peke yake, binti yao amekwenda kuleta uji, na dada, ambaye hakuwa ametoa sauti tangu alazwe, alifumbua macho akasema, "Ndoo?" Shemeji anasema lilikuwa swali, sauti ilipanda mwishoni, hakuna shaka. Hakujibu, kwa sababu hakujua anaulizwa nini. Akauliza tena, "Ndoo?" akimtazama, akisubiri, kama mtu anayehitaji kujua jambo moja kabla hajaondoka nyumbani, na shemeji akamshika mkono akasema, "Ndiyo, mama. Ndiyo." Uso wake ulilegea, akafumba macho, na alasiri ya siku hiyo akaaga dunia.

Shemeji ameniomba niseme mbele yenu kama ilivyokuwa, bila kuongeza, kwamba hajui alikubali nini. Huenda aliulizwa kama mvua imeacha, na haikuwa imeacha. Huenda aliulizwa kama watoto wapo, au kama anakufa, au kama kitabu kimeandikwa. Ameishi naye miaka arobaini na zaidi, na anasema lile ndilo jibu pekee aliloweza kulipata, na kwamba akilala analisikia swali, halisikii jibu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa muuguzi yule aliyekuwa akimwita kwa jina lake lote na kumsubiri amalize kuongea kama wagonjwa wengine, tunamshukuru mtaalamu wa tiba ya usemi ambaye aliendelea kuja hata baada ya kutuambia wazi kwamba hakuna kitakachobadilika, tunamshukuru jirani yetu fundi wa baiskeli, majirani wote mliofua, mliopika na mliokaa naye ili shemeji apate kulala mchana, walimu wenzake wa chuo, na wanafunzi wake, ambao tunawaomba jambo moja tu, mkienda kuandika juu yake andikeni juu ya vitabu viwili alivyovimaliza kwa mkono wake, hivyo alivitaka viulizwe, na hicho kingine mtuachie sisi.

Dada yetu, tulikupenda na hatukukuelewa, tulikuwa karibu na hatukukufikia, sasa pumzika kwa amani, hakuna tena anayesimama mbele yako akisubiri useme maana yake ni nini.